Jinsi ya kuangalia Le Mans masaa 24 ukiwa Mombasa, ukaielewa na bado ukalala kidogo

Kila ikifika mwezi wa sita lazima kuna mtu maskani atauliza, sasa hiyo gari nyekundu imepita gari tano mbele ya macho yangu na bado mwasema ni ya nane, vipi? Na asipojibiwa vizuri anatoa simu anaanza kutafuta mpira, na ana haki, manake masaa 24 ya kitu hukielewi ni adhabu si starehe. Basi hii ni kwa yule anataka kuangalia Le Mans, zile mbio za gari za masaa 24 kule Ufaransa, mara ya kwanza, au alishajaribu akachoka kabla hata isha haijaadhiniwa. Siri naitoa mapema nisikuzungushe: wacha kuhangaika na nani anaongoza. Chagua gari yako moja kwa kila klasi uzifuate hizo tu, halafu macho yakae kwa msongamano na kwa piti, pale gari zinapoingia kuweka mafuta na kubadilisha tairi, kwa sababu huko ndiko watu wanashindia na kupotezea.

Kwanza jua kuna mbio tatu ndani ya moja

Sisi huku tumekulia Safari Rally, na kule gari zinatolewa moja moja, kila mtu na vumbi lake, mnashindana na saa. Le Mans wanaachilia gari 62 pamoja, kwa njia moja ya kilomita 13.626, na hizo gari hazilingani hata kidogo. Fikiria daraja la Nyali saa kumi na mbili jioni: matatu anashindana na matatu mwenzake, tuktuk na tuktuk mwenzake, boda na boda. Matatu hana ugomvi na tuktuk, lakini tuktuk ikikaa vibaya mbele yake kidogo tu, yule matatu wa nyuma ashampita. Ukishaelewa hapo yakhe, umeelewa nusu ya Le Mans.

Klasi ya juu ni Hypercar. Hapa ndio viwanda vyenyewe: Ferrari, Toyota, Cadillac, BMW, Peugeot, Alpine, Aston Martin, orodha inabadilika kidogo kila mwaka. Uzito unaanzia kilo 1030, nguvu kama kilowati 500 na kitu, na kwenye ile barabara ndefu ya Hunaudières, ambayo siku za kawaida ni barabara ya watu kwenda Tours, zinapita kilomita 330 kwa saa. Hizi ndizo zinazotafuta ushindi wa jumla.

Ya pili ni LMP2. Ukitazama kwa umbo utadhani ni Hypercar, hazifanani na gari lolote la barabarani, lakini zote karibu ni kitu kimoja, chasi ya Oreca 07 na injini ya Gibson V8 ya lita 4.2. Kwa hivyo hapa hakuna kisingizio cha gari, ni dereva na timu. Mimi naipenda klasi hii kuliko watu wengi wanavyoipenda, na hainisumbui.

Ya tatu LMGT3, hizi utazijua bila kuambiwa kwa sababu zinafanana na zinazouzwa: Porsche 911, Corvette, Mustang, Ferrari 296, BMW M4, Lexus, McLaren. Na lazima kila gari iwe na dereva mmoja wa daraja la Bronze, yaani mtu ambaye kazi yake si hii, mara nyingi tajiri mwenye biashara zake anapenda mbio. Usiwadharau. Klasi hii mara nyingi inaamuliwa na huyo Bronze: nani ana Bronze mwenye kasi, na nani atamuweka kwa gari saa gani.

Kwenye WEC, yaani mashindano ya dunia ya mbio ndefu za gari, ambayo Le Mans ni mojawapo ya mbio zake, LMP2 siku hizi haiko msimu mzima, inakuja Le Mans tu. Ndio maana mbio zingine za mwaka utaona klasi mbili.

Kuna kitu kinaitwa BoP utakisikia watu wakikilalamikia usiku kucha. Kwa ufupi wasimamizi wanaongeza au kupunguza uzito na nguvu za kila aina ya gari ili zikaribiane. Kila shabiki anaamini gari yake ndiyo imeonewa. Usijiingize hapo, utakosa mbio.

Msongamano ndio utamu wenyewe

Piga hesabu hii uone. Hypercar inazunguka kwa dakika tatu na nusu hivi, GT3 inakaribia dakika nne. Kila raundi Hypercar inamkaribia huyo GT3 kwa karibu sekunde 28, kwa hivyo baada ya raundi nane tisa hivi amemzunguka kabisa. Sasa GT3 ziko 20 na kitu. Maana yake dereva wa Hypercar anapita gari kama tatu za GT3 kila raundi, usiku na mchana, mvua na jua, bado LMP2 hujahesabu. Na utaratibu wao si kama Formula 1 ambako wa nyuma anapisha. Huku wa polepole anatakiwa akae mstari wake asibabaike, mwenye mbio ndiye atafute pa kupita.

Kwa hivyo ukiona gari mbili za mbele zimeachana sekunde tatu, halafu raundi inayofuata ni sekunde nane, usifikirie injini imeharibika. Mara nyingi huyo wa nyuma amekutana na kundi la GT3 mahali pabaya. Na pabaya zaidi ni Porsche Curves, zile kona za kasi karibu na mwisho wa raundi, hapo hakuna nafasi, ukimkuta GT3 mlangoni unatulia nyuma yake mpaka mtoke na sekunde zako zinayeyuka. Ukimkuta Hunaudières unampita kama hakuna kitu. Dereva mzuri wa Hypercar anaanza kupanga atamkuta wapi huyo GT3 raundi nzima kabla. Jizoeze kuangalia hivyo, mbele ya gari yako kuna nani na mtakutania kona gani, utaona masaa yanakwenda.

Ukitaka kujua ubaya wake ulivyo tafuta video za mwaka 2011. Audi walikuja na gari tatu. Saa ya kwanza tu Allan McNish akagongana na Ferrari ya GT akimpita, gari ikaruka ikaishia kwa matairi ya ukingo, vipande vikarukia wapiga picha. Usiku Mike Rockenfeller naye, vile vile, akimpita Ferrari ya GT, gari ikasambaratika. Wote wawili walitoka wazima, alhamdulillahi. Ikabaki Audi moja peke yake kupigana na Peugeot kundi zima, na ikashinda kwa sekunde kumi na tatu na kitu baada ya masaa 24. Hakuna hata moja ya hizo mbili iliyotolewa na mpinzani wa klasi yake.

Piti: usidanganywe na anayeongoza

Hapa ndio wageni wengi hupotea. Hypercar inakaa njiani raundi kama kumi na mbili, dakika 40 na kitu, kisha inaingia piti. Si petroli tu, wana kiwango cha nishati wanachoruhusiwa kutumia kila kipindi, yaani kati ya piti na piti, na kuna vipima kwenye gari vinahesabu, kwa hivyo kuna dereva anaachilia pedali ya mafuta mapema kabla ya kona ili asogeze raundi moja zaidi. Mpaka mwisho gari moja inaweza kuingia piti karibu mara thelathini. Ukikosa sekunde mbili kila ukiingia ushapoteza dakika nzima, na siku hizi mbio zinaisha kwa sekunde: 2024 Ferrari walishinda kwa sekunde 14, na 2025 tena sekunde 14.

Kwa hivyo ukiona gari yako imeruka kutoka ya sita mpaka ya kwanza usianze kupiga kelele uamshe mtaa. Angalia kwanza wenzake wameingia piti au la. Kama wote wameshaingia na yeye bado, hiyo nafasi ya kwanza ni ya kuazima, ataingia na atarudi kule kule. Kwenye ukurasa wa muda, ule wa mtandaoni unaoonyesha nafasi na muda wa kila gari mbio zikiendelea, kuna safu inaonyesha kila gari imeingia piti mara ngapi, hiyo safu ndiyo rafiki yako, wanaolingana idadi ndio unaweza kuwalinganisha.

Halafu tairi. Kwenye WEC huruhusiwi kubadilisha tairi huku mafuta yanaingia, mafuta kwanza, mpira wa mafuta ukichomolewa ndio mafundi waruke na tairi. Basi kila seti ya tairi inakula muda, na timu zinajaribu kutumia seti moja vipindi viwili, vitatu, usiku kwa baridi hata vinne. Ukiona gari inatoka piti haraka kuliko wenzake jua hawakugusa tairi, na ukimuona anateleza teleza nusu saa baadaye utajua bei aliyolipa.

Madereva ni watatu kwa gari. Hakuna anayeruhusiwa kuendesha zaidi ya masaa manne ndani ya masaa sita, wala zaidi ya masaa 14 kwa jumla. Kumbuka hii ikifika jumapili mchana, utasikia timu fulani wamelazimika kumuweka dereva wa tatu wakati mbaya kwa sababu yule mkali wao saa zake zimekwisha.

Na magari ya usalama, yale yanayotangulia mbele kuwapunguza wote mwendo kukiwa na hatari, yakitoka ndio kila kitu kinavurugika. Njia ni ndefu mno kwa hivyo yanatoka matatu, kisha siku hizi wanaunganisha magari yote nyuma ya moja na kuyapanga kwa klasi. Uongozi wa dakika nzima unapotea hapo, ukilia ulie. Ajali ndogo wanaweka tu eneo la polepole, kilomita 80 kwa saa kwa kipande hicho, mengine yanaendelea. 2024 mvua ilinyesha usiku wakakaa nyuma ya gari la usalama zaidi ya masaa manne. Ikitokea hivyo wewe lala, hakuna sifa ya kuangalia taa za nyuma.

Ratiba ya mtu wa pwani

Hapa tuna bahati wallahi. Kule mbio zinaanza saa kumi jioni yao, na wao wako nyuma yetu saa moja, kwa hivyo huku ni saa kumi na moja jioni jumamosi, zinaisha saa kumi na moja jioni jumapili. Alasiri ushaswali, jua limepoa, na mwezi wa sita kusi inavuma hata ndani hakuna joto la kukufukuza.

Saa ya kwanza iangalie yote usibanduke, hapo ndio utajua gari gani zina kasi kweli. Piti ya kwanza itakuwa saa kumi na mbili kasoro, magharibi ikiadhiniwa wako ndani ya kipindi cha pili, nenda kaswali kwa raha zako hutokosa kitu. Kati ya magharibi na saa nne ni wakati wa kula na kuzoea, viazi karai, mishkaki, kila mtu atetee gari yake.

Saa tano usiku usikose. Kule mwezi wa sita jua linazama saa hizo zetu, na mimi kwangu hakuna saa nzuri kuliko hiyo, breki zinawaka nyekundu kwenye kona ya Mulsanne, moto unatoka kwa mabomba, na ukiongeza sauti utaanza kuzijua gari kwa mlio: Cadillac V8 inanguruma chini kifuani, Aston Martin Valkyrie ni V12 haina umeme wa kusaidia, hiyo ukiisikia mara moja utaijua milele. Pita kwa mzee wa kahawa tungu kabla hajafunga, chukua na kashata.

Kisha lala. Namaanisha lala kweli, saa saba mpaka alfajiri. Kuna wanaume hapa wanaona aibu kulala, wanakesha kwa kiburi halafu jumapili saa tisa mchana, mbio zimeiva, wao wanakoroma midomo wazi. Adhana ya alfajiri inakuja karibu kabisa na saa ile mbio zimefika nusu, masaa 12, wala sijui nani alitupangia vizuri hivyo. Swali, fungua ukurasa wa muda, angalia nani katoka na nani amepanda, dakika kumi tu umejua kila kitu. Jua linachomoza kule saa moja yetu asubuhi, na kuanzia hapo mpaka saa tatu nne hewa ni baridi na njia imeshika mpira wa tairi, ndio utaona raundi za kasi. Mahamri na mbaazi wakati huo.

Saa nne mpaka saa nane mchana fanya shughuli zako, nenda sokoni Kongowea, peleka watoto baharini, muoneshe mama watoto kwamba bado unaishi naye. Kutoka saa nane mpaka mwisho kaa chini.

Data na stima

Picha rasmi zinauzwa kwenye huduma yao ya FIAWEC+, mkichanga watu wanane kumi bei haiumi. Usiweke picha ya juu kabisa kwa data ya simu, 480p inakula karibu nusu GB kwa saa na kwa TV ya kawaida inatosha. Kama mfuko umekauka kabisa kuna Radio Le Mans, sauti tu, bure, kwa Kiingereza, hao jamaa wanatangaza masaa yote na wanajua kazi, ukiunganisha na ukurasa wa muda ambao nao ni maandishi tu, unaweza kufuata mbio nzima kwa data kidogo sana ukiwa hata kwa tuktuk ama kwenye feri ya Likoni. Kusema kweli kuna mwaka nimefurahia hivyo zaidi kuliko kwa picha. Chaji simu zote na pawabenki jumamosi mchana, stima haina miadi na mtu.

Kuchagua gari yako

Usichague kwa jina kubwa peke yake. Hypercar, kama nyumbani mna Toyota basi ushapata, na nusu ya mtaa mtakuwa pamoja, walishinda mfululizo 2018 mpaka 2022. Ferrari walirudi 2023 baada ya miaka hamsini kuwa nje ya klasi ya juu wakashinda hapo hapo, wakarudia 2024 na 2025. Lakini 2025 haikushinda gari ya kiwanda, ilikuwa ile ya njano nambari 83 ya timu ya AF Corse, na aliyeileta nyumbani ni Robert Kubica, ambaye mwaka 2011 alipata ajali ya rali mkono wake wa kulia ukakaribia kukatika. Hizo ndizo gari za kushika, zenye kisa. GT3 watu wengi hapa walimfuata Valentino Rossi, yule wa pikipiki, na BMW yake nambari 46, wengine wakashika Iron Dames, timu ya wanawake na gari ya waridi, ambayo pia ina faida huwezi kuipoteza kwa macho. LMP2 chagua rangi tu, sina ushauri mwingine.

Nambari ukiandika kwa karatasi ukabandika karibu na TV inasaidia sana kuliko programu yoyote.

Saa ya mwisho

Hapa hesabu ni moja: nani bado anahitaji kuingia piti kidogo ya mafuta. Uliza hiyo kila dakika tano. Anayeongoza kwa sekunde 40 na anadaiwa piti, haongozi.

Na usimpongeze mtu mapema. 2016 Toyota nambari 5 ilikuwa mbele, zimebaki dakika chache tu, dereva wake Kazuki Nakajima akaanza kupiga kelele kwa redio gari haina nguvu, ikasimama mbele ya jukwaa kuu, Porsche ikapita ikachukua. Toyota hiyo hata haikuandikwa kwenye matokeo kwa sababu raundi ya mwisho ilichukua muda kupita ulioruhusiwa. Na hata bendera ikishapigwa subiri ukaguzi, 2025 Ferrari nambari 50 ilimaliza ya nne, ikafutwa baada ya kukaguliwa bawa la nyuma. Kwa hivyo kama kuna soda zimewekewa dau, zilipwe jumatatu.

Ukiona umeipenda usingoje mwaka mzima. Mwezi wa kwanza kuna Daytona masaa 24, Marekani, klasi nne badala ya tatu na huko wanaruhusiwa tairi na mafuta pamoja kwa hivyo piti ni kasi kweli. Ila inaanza saa tatu na dakika 40 usiku ya huku, basi ile ratiba yote niliyokupa igeuze: usiku wa kwanza ndio wa kukesha, na usingizi utautafuta jumapili asubuhi.